Nondo Kumi na Mmoja wa Januari

Dilys Gethin hakumwamini mtu, na alilipwa mshahara kwa tabia hiyo. Miaka ishirini na miwili alikagua tiketi kwenye treni za mpakani mwa Wales. Katika muda huo alimkamata padri, akamkamata hakimu mstaafu, na siku moja akamkamata shemeji yake mwenyewe, kaka wa mumewe Roy, akamwandikia faini mbele ya wanawe. Roy alinuna wiki nzima. Dilys akamwambia mtu hanuni hivyo ila ana lake analolificha, na usiku huohuo akapekua mifuko ya koti lake. Hakukuta kitu ila biskuti moja, na hiyo biskuti nayo alitaka kujua imetoka wapi.

Mtu wa namna hii akistaafu ni balaa kwa majirani. Bahati yao, mjini Marlbury palikuwa na ofisi ya kumbukumbu za viumbe vya kaunti, chumba kimoja juu ya duka la viatu, na ofisi ile haikuwa na fedha ya kuajiri mtu. Walitaka watu wa kujitolea wenye jicho kali. Dilys alipanda ngazi, akaonyesha jicho lake, akapewa kiti, kompyuta na dirisha lisilofunga vizuri. Kila Jumanne na Alhamisi alikuwa pale, koti halivuliwi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu wa kaunti ile huandika kila kiumbe wanachokiona, ndege, konokono, mende, nondo, na baridi ikiwafungia ndani ndipo hukumbuka kutuma orodha zao. Orodha zikifika, kila moja na ujinga wake, lazima mtu azisafishe kabla ya kuzilisha kompyuta. Majina yalimpa taabu kidogo, tarehe zikampa taabu kidogo. Kilichomtoa jasho ni safu moja tu ya jedwali, safu ya Njia.

Safu ya Njia inauliza swali dogo: huyu kiumbe ulimpataje? Kwa mtego wa taa? Kwa wavu? Ulipiga matawi ukatandika shuka chini? Ulipaka sukari na bia kwenye gome la mti? Au ulimlea ndani akiwa kiwavi mpaka akaota mabawa? Kila jibu lina neno lake, na mstari ukiwa na pengo hapo, kompyuta inautema. Sasa watu wenyewe, wallahi, walikuwa wakijaza wanavyotaka. Mmoja aliandika "macho." Mmoja aliandika aina ya balbu. Mwingine, mwaka mzima, aliandika "mke wangu," na Dilys alimpigia simu mpaka akaeleza.

Februari ile ikafika orodha ya Wilfred Tudge wa kijiji cha Brockhope. Mzee huyo alikuwa dereva wa lori la maziwa, amestaafu, mjane wa miaka minne. Yeye na marehemu mkewe, Enid, walikuwa wameandika nondo kwa miaka thelathini na mmoja, na mwaka ule kaunti ilikuwa inatayarisha kitabu kikubwa cha nondo wake wote, basi wakamwomba atoe daftari zake. Mpwa wake wa kike alizipiga chapa zote: mistari elfu nne na mia tatu, majina ya Wilfred na Enid pamoja kwenye kila mstari. Safu ya Njia ilikuwa na neno hapa, neno kule, na mapengo katikati kama mdomo wa bibi kizee.

Dilys alizoea mapengo. Dawa yake ilikuwa moja: unashika neno lililo juu, unaliburuta chini, mapengo yote yanajaa neno hilohilo mpaka ukutane na neno jingine. Kwanza aliwapanga nondo wote kwa majina, A mpaka mwisho, ili akague tahajia bila kuumiza kichwa. Kisha akaburuta, akajaza, akalisha. Kompyuta ilimeza mistari yote bila kutema hata mmoja, naye akajisifu na kujimiminia chai.

Wiki iliyofuata akaja Clive Bromage. Huyu ni daktari wa meno, lakini ndiye msimamizi wa nondo wa kaunti, na hakuna nondo anayeingia kitabuni bila yeye kukubali. Alikuwa na karatasi mkononi na uso wa mtu aliyemeza nzi. Kuna nondo mmoja mkubwa pale kwao, mabawa ya mbele kahawia na meupe, ya nyuma mekundu, wenyewe humwita simbamarara wa bustani. Huruka Julai na Agosti. Kiwavi chake hulala wakati wa baridi. Na orodha ya Brockhope ilisema kwamba akina Tudge walimnasa simbamarara kwa mtego wa taa mwezi wa Januari. Si mara moja. Mara kumi na moja, katika miaka tisa.

Clive alisema hilo haliwezekani, ni sawa na mtu kukuletea embe kutoka kwenye barafu. Labda mzee amechanganyikiwa, alisema. Dilys alimkazia macho. Mtu akichanganyikiwa hukosea huku na kule, akamwambia, lakini huyu kakosea palepale mara kumi na moja, mwezi uleule, nondo yuleyule mzuri. Huko si kuchanganyikiwa, huko ni kutunga. Alilisema kwa raha, tusimfichie. Miaka sita alikuwa hajamkamata mtu.

Clive alimwandikia Wilfred barua ya adabu, akampelekea na ile karatasi, akamwomba maelezo na daftari zenyewe zikaguliwe. Jibu halikuja. Siku kumi zikapita. Clive akasema kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa mwisho wa mwezi, na mtu akidanganya kwenye kumbukumbu kumi na moja, nani ataziamini elfu nne zilizobaki? Kama daftari hazionekani, atafuta zote. Miaka thelathini na mmoja, jina la Wilfred na jina la Enid, yote nje, na kila msimamizi wa kila kaunti jirani atajua kwa nini.

Dilys akapiga simu Brockhope. Ilipokelewa, na sauti ya mzee ikasema hana la kueleza. Dilys akaomba aje aone daftari.

"Usije," mzee akasema, akakata.

Hapo Dilys akawa na hakika. Mwenye tiketi haogopi kuulizwa tiketi. Alhamisi hakwenda ofisini. Alichukua karatasi zake zote za akina Tudge, akazitia mkobani, akapanda basi la saa nne, na njia nzima akawa anapanga maswali yake kimoyomoyo, lile laini kwanza, lile la kisu mwisho. Dereva wa basi alimwambia habari za asubuhi kwa uchangamfu mno, hata huyo akamtilia shaka.

Nyumba ya Wilfred Tudge ilikuwa ya mwisho kijijini, mapazia yamefungwa saa tano ya mchana. Dilys aligonga, akangoja. Ndani kimya. Ndipo akasikia harufu ya moshi. Haukuwa moshi wa kuni za jikoni. Moshi wa kuni anaujua. Huu ulikuwa wa karatasi. Akazunguka nyuma ya nyumba bila kubisha tena, mkoba ameukumbatia kifuani.

Mzee alikuwa amesimama kando ya pipa la chuma linalowaka, mrefu, amejikunja mabega, uma wa bustani mkononi. Kando yake toroli, na ndani ya toroli daftari ngumu za rangi ya kijani, nyingi, kila moja na mwaka umeandikwa mgongoni.

"Nilikwambia usije."

"Uliniambia. Ndiyo maana nimekuja," Dilys akasema. "Unachoma nini, Bwana Tudge?"

"Takataka."

"Takataka zenye tarehe?"

Dilys akaenda akasimama kati ya toroli na pipa, na ukimjua utajua kwamba hapo hata ng'ombe asingempitisha. Akamwambia huo ni ushahidi, na mtu anayechoma ushahidi amekwisha kujihukumu. Alisema mengi, na mengine hayakuwa na lazima. Alimuuliza kama hakuona haya, watu wazima wanahangaika na kitabu miaka sita, yeye anawaletea hadithi.

Wilfred alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachomeka uma ardhini.

"Haya, umenikamata. Andika ni mimi. Nondo wale niliwatunga mimi kwa mkono wangu, na Enid hakujua lolote. Andika hivyohivyo, Enid hakujua. Halafu uende zako, Bi Gethin, niache na moto wangu."

Dilys alikuwa ameisubiri siku hii, na sasa imefika haikuwa na ladha. Kitu kilimkwama. Kwenye treni alisikia yote: tiketi imeliwa na mbwa, mashine imeharibika, mama yuko mahututi. Hajawahi, miaka ishirini na miwili, kumwona mtu anajikabidhi kwa urahisi hivi, tena na jina la asiye na hatia amelishika mkononi tayari. Mwongo hujitetea mwenyewe, akawaza, na huyu anamtetea mtu mwingine. Basi hata ungamo lenyewe akalitilia shaka.

Akamuuliza kazini alikuwa akiondoka saa ngapi. Saa kumi na moja alfajiri, mzee akasema, maziwa hayangoji. Na mtego hufunguliwa saa ngapi? Kukipambazuka, wakati nondo wamelala kwenye trei za mayai zinazowekwa mtegoni. Na Januari hupambazuka saa ngapi?

"Saa mbili," mzee akasema, na hapohapo akajua alipoingia.

"Kwa hiyo saa mbili wewe uko barabarani na lori. Aliyekuwa anafungua mtego ni nani? Aliyekuwa anaandika ni nani?"

Mzee akatia mikono mifukoni.

"Mwache. Amekufa. Tafadhali mwache."

Dilys alielewa nusu tu. Mzee aliendelea mwenyewe, maneno yanamtoka kama mtu anayetema miiba. Viwavi Enid alikuwa navyo ndani, alisema, kila majira ya baridi, kwenye masanduku ya viatu ndani ya kabati la tangi la maji moto. Hilo analijua. Lakini karatasi ya daktari Bromage imesema mtego. Na Enid alijua tofauti ya kulea na kunasa kuliko mtu yeyote katika kaunti hii. Basi kama aliandika mtego, aliandika akijua. Aliwachukua nondo aliowalea ndani akawaandika kama waliokuja wenyewe kwenye taa.

"Kwa nini afanye hivyo?" Dilys akauliza.

"Kwa ajili yangu. Januari mtego hauna kitu, wiki nzima hauna kitu. Narudi nyumbani hoi, nauliza, leo tumepata nini? Naye kila siku alikuwa na jambo la kunipa. Sasa nakaa jikoni najiuliza, mangapi alikuwa ananitungia? Miaka yote ile, lipi lilikuwa kweli?"

Daftari hizo hakuwa amezifungua tangu mazishi, alisema. Mpwa wake alikuja akazipiga chapa akazirudisha zilipokuwa. Barua ilipokuja alizitoa, akaziweka mezani, akazitazama siku kumi. Hakuthubutu. Aliogopa kuliona neno hilo kwa mwandiko wa mkewe. Bora zisionekane na mtu yeyote, na yeye aseme ni yeye, watu wamcheke yeye.

Dilys akainama kwenye toroli akachukua daftari moja.

"Usinisomee," mzee akasema, akageuka akautazama ukuta.

Mwandiko wa Enid ulikuwa mdogo, wima, wa wino wa buluu. Pembeni mwa ukurasa, kwa wino mwekundu, aliandika njia mara moja tu, kisha akashusha mstari mwekundu mpaka pale njia inapobadilika, na hapo akaandika neno jingine na kushusha mstari mwingine. Mtego, mstari. Sukari, mstari. Kila kitu kwa tarehe, siku baada ya siku. Dilys akatafuta Januari. Palikuwa na neno jekundu pembeni, nalo lilikuwa "kabatini," na mstari ulishuka kutoka hapo mpaka katikati ya Februari bila kukatika. Akachukua daftari ya mwaka mwingine. Kabatini. Ya mwaka mwingine. Kabatini.

Akatoa karatasi zake mkobani. Mpwa asingeweza kupiga chapa mstari mwekundu, kwa hiyo aliacha pengo, na pengo lilimaanisha "kama hapo juu." Kama hapo juu kwa tarehe. Lakini karatasi iliyokuwa mkononi mwa Dilys haikuwa kwa tarehe. Ilikuwa A mpaka mwisho. Simbamarara wote walikuwa wamekusanywa pamoja, wa Januari wamebanwa chini ya wa Julai, na neno la Julai, mtego wa taa, limeburutwa likawapitia wote. Aliyeburuta alikuwa na koti mwilini na kikombe cha chai pembeni.

Nitasema ukweli, kwa sababu mwenyewe aliwahi kuusema: aliutazama ule moto. Pipa lilikuwa linawaka vizuri. Mzee amegeukia ukuta, ameshaungama, hataki kusomewa. Daftari zikiungua hakuna mtu duniani atakayejua zilikuwa na mistari myekundu. Alisimama hivyo kwa muda wa pumzi tatu au nne, na hizo pumzi hajazisahau mpaka leo.

"Bwana Tudge, geuka."

Hakugeuka. Basi akamsomea mgongoni. "Tarehe kumi na tisa Januari. Kabatini. Simbamarara dume mmoja, katoka saa tatu asubuhi, kiwavi tulichokiokota Septemba kwenye uzio wa kanisa. Nimemfunika kwa chujio. Wilf aje amwone kwanza."

Mzee akageuka pole pole. "Aliandika kabatini?"

"Aliandika kabatini. Kila mara. Mtego niliandika mimi."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akarudia, akamwonyesha karatasi na daftari bega kwa bega, kidole kikipita kwenye mstari mwekundu, jinsi alivyowapanga nondo kwa majina kabla ya kujaza, jinsi alivyowapa njia isiyo yao. Alisema ni kosa lake, si la mpwa, si la kompyuta, si la Enid. Wilfred aliuliza mara moja tena lile neno ni lipi, akaonyeshwa, akaweka kidole chake juu yake akakiacha hapo. Kisha akakaa kwenye ukingo wa toroli.

Dilys akatoa simu, akampigia Clive palepale, kliniki imejaa wagonjwa au haijajaa. Akamwambia asifute kitu, orodha ya Brockhope ni safi, uchafu ni wake yeye, na nondo kumi na mmoja wamelelewa kwenye kabati la tangi la maji moto, penye kukaushiwa mashuka, joto likawatoa kabla ya wakati wao. Halafu Clive akauliza, kwa sauti ya adabu sana, ni orodha za watu wangapi wengine alizozipanga hivyo kabla ya kujaza. Dilys akasema miaka sita yupo pale. Hajui. Clive akasema basi itabidi kila alichogusa kikaguliwe upya, tena na mtu mwingine. Dilys akasema ndiyo, itabidi.

Alipokata simu, mzee alikuwa anatazama ndani ya pipa. Dilys naye akatazama, na hapo tu ndipo alipozihesabu daftari za torolini. Zilikuwa ishirini na nane.

"Tatu nilikuwa nimeshazitia," Wilfred akasema. "Za mwanzo. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza majina, alikuwa anachora kila nondo pembeni."

Dilys Gethin, ambaye hakuwahi kumwomba radhi abiria, wala shemeji, wala Roy na biskuti yake, akamwomba radhi. Akaomba mara mbili na tatu, machozi yamemjaa, hajui mikono aiweke wapi. Mzee alimwachia amalize.

"Nimekusikia, Bi Gethin," akasema. "Wewe umekosa, umekuja, umesema samahani, na mimi nipo, nimekusikia. Siku kumi mimi nimemwita mke wangu mwongo, humo jikoni mwake, kwa sauti. Nani atanisikia mimi?"

Mzee alishalipindua lile pipa kwa uma na alikuwa amepiga magoti anatenganisha kurasa kwa vidole, zile nyeusi kando, zile zilizobaki na wino kando. Dilys alivua koti, akapiga magoti upande wa pili, akaanza kupuliza majivu.